Mwenyekiti, kabla mumpige kalamu kocha, sikizeni habari ya Derby

Swali limetoka kwa mwenyekiti wa timu moja ya mtaa kule Kayole, nimelifupisha kidogo: "Kocha habari. Tulipanda daraja mwaka jana na sai tuko mkiani, mechi 13, ushindi 1, sare 2, zingine zote tumelimwa. Kamati inakaa Alhamisi na wengi wanataka kocha aende. Kuna mdhamini amejitolea kutuletea wachezaji sita dirisha likifunguliwa. Kipa wetu ni kijana wa miaka 19 na ameacha kuja mazoezi. Watu kwa baze wameanza kutuita Derby. Tumfute kocha? Na hii timu inaweza kuokoka kweli?"

Mwenyekiti, asante kwa kuandika na pole. Najua Jumapili jioni baada ya kufungwa vile hukuanga ndefu, simu inalia na hutaki kuishika. Mimi nimefundisha timu za mtaa na za madaraja ya chini hapa Nairobi zaidi ya miaka 20, nimepanda na timu mbili na nimeshuka na moja, na hiyo moja ndio ilinifunza kazi.

Jibu fupi ni hili: kocha msimfute Alhamisi, wale sita msiwachukue wote, na kuokoka inawezekana lakini mkipanga pesa ya timu juu ya kuokoka mtaumia mara mbili. Jibu refu linaanzia hapo kwa jina la Derby, maana hao vijana wa baze wanalitumia kama tusi na wengi wao walikua hawajaanza hata shule wakati hayo mambo yalifanyika.

Msimu wa 2007/08 Derby County walimaliza ligi kuu ya Uingereza na pointi 11. Mechi 38, ushindi 1, sare 8, vipigo 29. Walifunga magoli 20 wakafungwa 89. Ugenini hawakushinda hata siku moja. Southampton walikaribia sana kuwa na pointi chache kama hizo msimu wa 2024/25, wakamaliza na 12, na ile iliyowavusha juu ya Derby ni sare ya 0-0 na Manchester City mwezi Mei wakati walikua wameshashuka kitambo. Ule ushindi mmoja wa Derby ulikua Septemba 17 2007, Jumatatu usiku, 1-0 dhidi ya Newcastle, goli la Kenny Miller akicheza mechi yake ya kwanza kwa klabu. Baada ya hapo wakacheza mechi 32 za ligi mpaka msimu ukaisha bila kushinda tena. Na Desemba wakaenda kwa haohao Newcastle wakatoka 2-2, kwa hivo pointi 4 kati ya 11 za msimu mzima zilitoka kwa timu moja.

Nakumbuka mechi yao na Chelsea, Machi 12 2008, siku ya Jumatano, ikaanza saa tano kasorobo usiku saa za huku kwetu. Nilikua kwa ukumbi mmoja wa kuonyesha mpira pale Umoja, viti vya plastiki, dishi ya GTV, ile TV ya kulipia, juu ya mabati kwa sababu GTV walikua wameingia mwaka uliotangulia na bei yao ilikua ya kuvumilika, kabla wafunge ghafla Januari 2009 na watu wabaki na mitambo haina kazi. Ilikua wiki mbili hivi tangu Kibaki na Raila watie saini mkataba wa kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi pale Harambee House, na kwa wengi wetu hiyo ilikua kama mara ya kwanza tena kukaa usiku na majirani wa makabila yote bila mtu kuangalia mlango. Lampard wa Chelsea alifunga manne. Ikaisha 6-1, na lile goli moja la Derby, lilifungwa na David Jones, lilishangiliwa mle ndani kuliko yote sita ya Chelsea, na ukumbi ulikua umejaa jezi za buluu. Watu walikua wamechoka kuona mtu akipigwa akiwa chini, nafikiri ni hivo tu. Mimi nilienda nyumbani nikiwaza kuhusu timu yangu mwenyewe, maana msimu huo nilikua kocha msaidizi wa klabu fulani iliyokua inaelekea kulekule, na hiyo nitakuja kukueleza.

Sasa, Derby hawakushuka Machi, ingawa kwa hesabu walishushwa Machi 29 2008 baada ya sare ya 2-2 na Fulham, hata Aprili haijafika. Ukiniuliza mimi walianza kushuka siku ile walipanda. Msimu wa 2005/06 walikua wamemaliza nafasi ya 20 kwa timu 24 za daraja la pili, yani nusura waende la tatu. Akaja kocha Billy Davies, na kwa msimu mmoja tu akawapeleka nafasi ya tatu na pointi 84, wakapita nusu fainali ya mchujo, zile mechi za kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda, kwa penalti (na timu waliyoitoa ni haohao Southampton, mpira una mambo), halafu Mei 28 2007 wakaifunga West Brom 1-0 pale Wembley. Kazi kubwa sana hiyo, mtu asikudanganye eti Davies hakujua mpira. Shida ni kwamba anayepanda kwa mlango wa mchujo ndio wa mwisho kupanda, wenzake walishajua mwezi mmoja mapema na wakaanza kununua, na ligi kuu ilikua inaanza Agosti 11. Wiki kumi na kitu za kugeuza timu ya daraja la pili iwe ya ligi kuu. Wakamnunua Robert Earnshaw kwa pauni milioni 3.5, ghali kuliko mchezaji yeyote klabu ilikua imewahi kununua mpaka hapo, halafu akakaa benchi sana. Wakaanza na sare ya 2-2 na Portsmouth nyumbani, watu wakafurahi, na kufika Septemba 1 wakawa wamelimwa 6-0 kule Liverpool.

Soma hapo tena mwenyekiti kisha ujiulize timu yako ilifanya nini kati ya siku ile mlipanda na mechi ya kwanza ya daraja hili. Hukuniambia kwa swali lako, lakini nimeshaona timu nyingi za Eastlands zikipanda na najua inavyokua: sherehe mbili, mbuzi anachinjwa, jezi mpya zinatafutiwa mfadhili, wachezaji wawili wazuri wanaitwa na timu kubwa, na mazoezi yanaanza wiki mbili kabla ya ligi. Kocha wako huyu unayetaka kumfuta, alipewa wiki ngapi?

Sasa tuje kwa kocha, maana hapo ndipo kamati yako itavutana. Derby waliachana na Davies Novemba 26 2007. Alikua amecheza mechi 14 akiwa na pointi 6. Wewe uko na 5 kwa mechi 13, kwa hivo uko palepale walipokua wao siku ile wenye klabu waliamua. Wakamleta Paul Jewell, na Jewell hakua mtu wa kuokotwa, alikua ameiokoa Bradford isishuke siku ya mwisho mwaka 2000, akaipandisha Wigan mpaka ligi kuu na akaiweka huko. Ukisema unatafuta mtu wa kuzima moto, ni yeye. Akacheza mechi 24 za ligi zilizobaki. Ushindi sufuri, sare 5, vipigo 19. Yule wa kwanza alipata pointi 6 kwa mechi 14, huyu mzuri wa kuzima moto akapata 5 kwa mechi 24.

Sisemi Jewell alikua mbaya. Nasema alikuta wachezaji walewale, miguu ileile, na sasa wamebeba na vipigo 10 kichwani. Januari akafungua dirisha akaingiza watu: Robbie Savage, Roy Carroll golini, Danny Mills, Alan Stubbs, Hossam Ghaly, Emanuel Villa, Sterjovski, na Laurent Robert ambaye hata hakumaliza msimu. Majina mazito hayo. Wakati huohuo nahodha Matt Oakley na Steve Howard wakauzwa Leicester, na Howard ndiye alikua mfungaji bora wa ule msimu wa kupanda. Yani timu iliyojuana ikavunjwa katikati ya msimu, ikaletwa timu isiyojuana, na ratiba haingojei mtu. Aprili 12 Aston Villa wakaja palepale Pride Park, uwanja wa Derby, wakawafunga 6-0. Arsenal nao wakaja wakafunga 6, Adebayor akiwa na matatu, na alikua ameshawafunga mengine matatu mwezi wa tisa kule London.

Ndio maana huyo mdhamini wako na wachezaji wake sita ananitia wasiwasi kuliko kocha.

Nikueleze ile yangu sasa. Klabu sitaitaja, wengi wa wale viongozi bado wako hapa mjini na ni wazee wa watu. Tulikua daraja moja chini ya ligi kuu, tukaanza vibaya, na katikati ya msimu kocha mkuu akafutwa kwa simu akiwa kwa matatu anaenda mazoezi. Akaja mwingine na vijana wake watano. Vijana wenyewe walikua wanajua mpira, hilo sitakataa. Lakini watano wanaingia maana yake watano wanatoka, na waliotoka walikua na marafiki ndani, walikua wanalala nyumba moja, mwingine ndiye alikua anamkopesha mwenzake nauli. Kikao cha kwanza na kocha mpya nilisimama pembeni nikaona kitu. Mwezi mmoja nyuma, wakati wa kunywa maji wakati wa mazoezi hungeweza kusikizana, huyu anamfokea yule kwa nini hukupanda pamoja na laini, yule anamjibu wewe ndio ulibaki, na mimi nilikua nawanyamazisha. Siku hiyo kocha akauliza nani alikua anamkaba nambari tisa Jumamosi, na wote, nakwambia wote, wakainama wakaanza kufunga kamba za njumu. Zilikua zimefungwa tayari. Nilimuangalia beki wa kushoto akifungua fundo zuri kabisa na kulifunga tena, polepole, vidole vimejaa vumbi, ili tu asiinue kichwa.

Tulipata pointi 4 kwa mechi zote zilizobaki. Na nikikumbuka leo nadhani yule kocha wa kwanza angepata kama hizohizo, pengine 6, pengine 7, tungeshuka tu. Lakini tungeshuka na timu. Tulishuka bila. Wale watano walienda kwao siku ileile ligi iliisha, na wale wetu walikua wameshatawanyika, wengine wakaacha mpira kabisa, na mwaka uliofuata tukaanza na wachezaji 9 wanaojulikana. Klabu ikashuka tena mwaka huohuo. Hapo ndio penye uchungu.

Utaniuliza basi hakuna waliobadilisha kocha wakaokoka? Wapo, lazima niseme ukweli. West Brom msimu wa 2004/05 walimfuta Gary Megson wakamleta Bryan Robson Novemba, wakawa wa mwisho siku ya Krismasi, na wakaokoka siku ya mwisho kabisa ya msimu na pointi 34. Lakini angalia ndani: Robson alikaa mpaka karibu mwisho wa Januari ndio akashinda mechi yake ya kwanza ya ligi, na hawakumfukuza. Na walioongeza nguvu Januari walikua wachache, Kevin Campbell aliyekua mtu mzima wa kushika mpira mbele, na kijana Kieran Richardson kwa mkopo kutoka Manchester United. Kwa hivo hata pale ambapo kubadilisha kulisaidia, kilichosaidia ni subira baada ya kubadilisha, na kamati inayofuta kocha kwa hasira mwezi huu haikuangi na subira mwezi ujao.

Mfano ninaoupenda mimi ni Leicester 2014/15. Mwanzoni mwa Aprili walikua wa mwisho, pointi 7 nyuma ya usalama, mechi 9 zimebaki. Walikua na kocha yuleyule Nigel Pearson aliyewapandisha. Wakashinda 7, sare 1, wakapoteza 1 tu, wakamaliza nafasi ya 14. Ni nini kilibadilika? Walikua wamemleta beki mmoja kwa mkopo mwezi wa pili, Robert Huth, mtu wa kupiga kichwa na kupiga kelele, na Pearson akahamia mabeki watatu nyuma, Huth, Wes Morgan na Wasilewski, ndio winga wake wapate nafasi ya kupanda bila hofu. Beki mmoja na mpango mmoja. Na watu wa timu hiyo walikua wamejuana. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mwingine, walichukua ubingwa wa Uingereza na hiyo kila mtu anajua, lakini mimi kama kocha wa madaraja ya chini zile mechi 9 naziheshimu hata kuliko kombe.

Na kama mtashuka, mwenyekiti? Maana lazima pia uliongelee Alhamisi, hata kama wengine watasema unaleta mkosi. Burnley walishuka msimu huohuo wa 2014/15 na pointi 33. Hawakumgusa kocha wao Sean Dyche. Waliuza wachache waliotakiwa, wakabaki na mifupa ya timu, na mwaka uliofuata wakarudi kama mabingwa wa daraja la pili na pointi 93. Derby nao, walioshuka wamevunjika, msimu uliofuata walimaliza nafasi ya 18 huko chini, Jewell akaondoka Desemba 2008, na tangu washuke hawajarudi ligi kuu. Fainali mbili za mchujo walifika wakapoteza, 2014 na QPR kwa goli la Bobby Zamora dakika ya 90, na 2019 na Aston Villa, na kocha wao hiyo 2019 ni Lampard, huyohuyo aliyewafunga manne usiku ule wa Umoja. Halafu 2021 madeni yakawafikia, klabu ikawekwa chini ya wasimamizi, wakakatwa pointi 21, na 2022 wakashushwa mpaka daraja la tatu. Vijana wa kocha Wayne Rooney walikua wamepata pointi 55 uwanjani msimu huo, zingewatosha kubaki kwa raha. Waliangushwa na vitabu vya hesabu vya ofisi.

Hiyo sio ya wazungu peke yao. Sony Sugar ya Awendo ilikua bingwa wa Kenya 2006, na 2019 ikatolewa ligi kuu kwa kukosa kufika mechi tatu, pesa haikuwepo. Wachezaji walikua wanajua mpira. Basi halikutoka tu.

Kwa hivo nije kwa hali yako sasa na nikuambie ningefanya nini wiki hii nikiwa wewe.

Kabla ya Alhamisi nenda mazoezini mara mbili, sio mechi, mazoezi. Kaa pembeni usiseme kitu. Hesabu wamekuja wangapi na wamechelewa wangapi, na uangalie wakati wa maji kama wanaongea. Kama bado wanafokeana hiyo timu iko hai, rudi uambie kamati. Kama wameinama wote, shida yako ni kubwa kuliko kocha, na pia ni tofauti na kocha. Halafu kaa naye peke yake, mnunulie chai, umuulize maswali ya kazi: magoli tunafungwa yanatoka wapi, nani anacheza mahali sio pake, ungepewa mchezaji mmoja tu ungechukua wa namba gani. Kocha anayejua timu yake atakujibu palepale bila kufikiria, atakuambia tunafungwa kwa kona na kwa mpira wa nyuma ya beki wa kulia, nipe beki wa kati. Akikosa kabisa jibu, akaanza kulaumu refa na uwanja, hapo nitakuelewa mkiamua lingine, lakini hata hapo mpandisheni msaidizi anayejua vijana, msilete mgeni na kikosi chake.

Kwa uwanja mwenyewe siwezi kusema mengi bila kuwaona, lakini timu iliyofungwa mechi 10 karibu kila mara ina ugonjwa mmoja, inataka kulipa deni lote dakika ya kwanza. Mabeki wote wa pembeni wanapanda pamoja, kiungo anabaki peke yake katikati ya uwanja mkubwa wa vumbi, mpira ukipotea ni mbio za watu wawili na kipa. Mwambie kocha awaweke karibukaribu, beki mmoja wa pembeni akipanda mwingine anabaki, na robo saa ya kila mazoezi iwe kona na faulo za pembeni, za kukaba na za kufunga. Lengo la mechi ijayo lisiwe ushindi. Liwe dakika 20 za kwanza bila kufungwa. Wakifika hapo waongezewe, nusu saa, halafu mapumziko. Manchester United, waliobeba ubingwa msimu ule, walienda Pride Park Machi 2008 wakatoka na 1-0 tu, goli la Ronaldo dakika ya 76, siku tatu baada ya hizo sita za Chelsea. Hata Derby waliweza kusimama dakika 76 mbele ya mabingwa.

Kwa wale sita wa mdhamini, chukua wawili. Beki wa kati anayeongea, na straika anayeweza kushika mpira mpaka wenzake wafike. Kabla hawajasaini, muulize mdhamini mbele ya watu wawili wa kamati: nauli yao na ya hawa wetu italingana? Na nani anapanga kikosi Jumamosi? Akisita kwa hilo la pili mshukuru kwa heshima na uachane naye, maana mtu anayeleta wachezaji sita na hataki kujibu hilo anataka kuwa kocha bila kusimama kwenye mvua. Na nauli, nakuomba sana, iwe inajulikana. Kama ni 100 kila mtu iwe 100, iandikwe kwa grupu ya WhatsApp na itumwe kwa M-Pesa siku moja kabla, sio mtu kuitiwa pembeni baada ya mechi anahesabiwa sarafu. Kijana aliyetoka Njiru kwa miguu akijua wa mdhamini amelipiwa boda hatamkabia huyo mwenzake nafasi hata ukimpigia kelele vipi.

Na umwambie mweka hazina atengeneze bajeti mbili, ya kubaki na ya kushuka, na ile ya kushuka ndio muanze nayo.

Nimewacha kipa wa mwisho kwa sababu ndiye ananisumbua tangu nisome swali lako. Miaka 19, mechi 13, na kila goli picha inabaki yeye ndio yuko chini anautoa mpira kwa wavu. Beki akikosea anageuka anakimbia, straika akikosea watu wanasahau baada ya dakika mbili, yeye hana pa kugeukia. Kule kwetu msimu ule kipa alikua kijana wa umri huohuo. Alipoacha kuja tulimtumia ujumbe, mimi mwenyewe niliuandika, nikamwambia njoo tunakuhitaji, na nikaona nimefanya kazi yangu. Hakujibu. Nilikutana naye miaka mingi baadaye pale Gikomba anauza viatu, akanipa bei nzuri, na mpira hatukuuongelea.

Huyu wako usimpigie simu na usimtumie mtu wa rika lake. Nenda kwao leo jioni wewe mwenyewe na kocha, mkae na mama yake ama yeyote anayeishi naye, mmuulize amekula, mmuulize anataka nini. Asipotaka kurudi Jumamosi sawa, mwambieni nambari moja inamngoja, na mbebe zile glavu zake kama alizibwaga kwa stoo ya timu, mmrudishie mkononi.